Ndama dume anasukuma, mkojo hautoki: maji, chumvi na chokaa dhidi ya mawe ya mkojo

Dume wa miezi kumi amesimama pembeni ya hori, mkia juu. Anasukuma, anakanyagakanyaga miguu ya nyuma, anageuza shingo kutazama ubavu. Mchungaji anasema amefunga choo, na tayari kuna aliyekwenda kutafuta mafuta ya alizeti amnyweshe. Lakini kinyesi cha asubuhi kiko pale chini, laini tu. Kilichofunga ni mkojo, na muda unaopotea kwenye mafuta ya alizeti ndio muda ambao kibofu kinazidi kujaa.

Mwongozo huu ni wa wanaofuga ndama dume na maksai wadogo Magu, Misungwi, Kwimba, Sengerema, Ukerewe na pembezoni mwa jiji la Mwanza, hasa wanaonenepesha kwa pumba na mashudu. Sehemu kubwa inahusu maji. Ndiko ugonjwa unakoanzia, na ndiko unakozuilika kwa gharama ndogo.

Jiwe linavyojijenga

Mkojo ni maji yaliyobeba madini. Maji yakiwa mengi, madini hupita yakatoka bila kusumbua mtu. Maji yakipungua au madini yakizidi, huanza kuganda chembechembe, kama chumvi inavyobaki kwenye sufuria iliyokaukia jikoni. Chembe hizo hunaswa kwenye ute wa kibofu, zikashikana, zikawa mchanga, kisha vijiwe.

Mitamba nao hupata mchanga huo, ila mrija wao wa mkojo ni mfupi na mpana, hivyo hutoka wenyewe. Dume ana mrija mrefu na mwembamba, na nyuma kidogo ya korodani mrija huo umejikunja kama herufi S. Mkunjo wa chini wa hiyo S ndio mtego wenyewe. Kijiwe cha ukubwa wa punje ya mtama kikifika hapo hakipiti. Kwa maksai hali ni mbaya zaidi, hasa aliyehasiwa akiwa mdogo sana, kwa kuwa mrija hupanuka kadiri homoni za udume zinavyofanya kazi.

Kanda yetu ina njia kuu mbili za kutengeneza mawe haya. Ya kwanza ni hori la pumba: pumba za mahindi, pumba laini za mpunga na mashudu ya pamba vyote vimejaa fosforasi na vina kalsiamu kidogo mno. Fosforasi inayozidi hutolewa kwa mkojo, na mkojo wa ng'ombe kwa kawaida ni wa alkali, hali ambayo fosforasi hugandia ndani yake kwa urahisi. Mawe yake huwa mengi, madogo, mepesi kupondeka.

Njia ya pili ni malisho makavu. Majani ya mpunga yaliyobaki baada ya kupura, pamoja na nyasi zilizokomaa kwenye ngitili (malisho yanayotengwa kwa ajili ya kiangazi) mwishoni mwa kiangazi, yana silika nyingi, ile ile inayofanya jani la mpunga likwaruze mkono. Mawe ya silika ni magumu, na hapa kubadilisha pumba hakutasaidia sana. Maji ndiyo yenye neno. Ipo pia aina ya tatu, ya kalsiamu, inayowapata wanaokula mikunde mingi kama lusina, ule mti wa malisho, bila kuchanganya na nyasi. Si ya kawaida sana, lakini ukikuta vijiwe vya mviringo vinavyong'aa kama shanga za dhahabu, tazama lusina kwanza.

Ziwa liko pale, ndama ana kiu

Ng'ombe anayelala zizini kuanzia saa kumi na mbili jioni, akatoka saa mbili asubuhi, akafikishwa ziwani saa saba mchana, amekaa saa kumi na tisa bila tone. Akifika atakunywa sana kwa mkupuo, kisha siku inayofuata ni hivyo hivyo. Jumla ya lita inaweza kuonekana si mbaya, ila kwa sehemu kubwa ya siku mkojo wake ni mzito, na chembe hujengwa katika saa hizo. Ndama hupata hasara zaidi kwa sababu wakubwa humsukuma pembeni, naye huogopa tope la ukingoni, kwa hiyo hurudi amelowa midomo tu.

Maji ya Ziwa Victoria yenyewe ni laini, hayana chumvi nyingi. Hayaleti mawe. Wanaotumia visima virefu mbali na ziwa wapime maji yao mara moja maabara: jumla ya madini yaliyoyeyuka ikiwa chini ya miligramu 3,000 kwa lita hakuna shida, ikipita 5,000 msiwape ndama na majike wenye mimba, ikipita 7,000 tafuteni chanzo kingine.

Kiasi cha maji hutegemea uzito na joto. Hesabu zinazotumika kwa ng'ombe wanaokua ni hizi, kwa siku moja, zikijumlisha na maji yaliyomo kwenye malisho:

- Kilo 180: lita 22 kwenye nyuzi 21, lita 25 kwenye nyuzi 27, lita 36 kwenye nyuzi 32.
- Kilo 270: lita 29, 34 na 48 kwa joto hilo hilo.
- Kilo 360: lita 35, 40 na 57.

Angalieni mruko wa kutoka nyuzi 27 hadi 32. Ni nyuzi tano tu, lakini maji yanaongezeka kwa zaidi ya theluthi moja. Mchana wa Mwanza hucheza kati ya nyuzi 27 na 30, na banda la mabati lisilo na dari hupita hapo bila shida. Kwa hiyo pangeni kwa kiasi cha juu. Zebu wetu, yaani ng'ombe wa kienyeji, hunywa pungufu kidogo kuliko chotara wa uzito ule ule, lakini hilo lisiwe sababu ya kupunguza. Birika lililobaki na maji halimdhuru mtu.

Sasa malisho. Nyasi mbichi za masika ni maji matupu kwa zaidi ya robo tatu. Ndama aliyekula kilo 20 za nyasi hizo amekwishapata lita 15 bila kugusa birika. Ikifika Julai, kilo 5 za majani makavu ya mpunga hazimpi hata lita moja. Mfugaji anayejaza ndoo zile zile mwaka mzima amempunguzia ndama maji kwa nusu bila kujua, na katika miezi hiyo hiyo amemwongezea silika na pumba. Ndiyo maana mwishoni mwa kiangazi simu za madaktari wa mifugo huita zaidi kwa tatizo hili.

Ndama wanaonyonya nao wasisahaulike. Maziwa yanapita pembeni ya tumbo kubwa moja kwa moja hadi tumbo la nne, kwa hiyo hayahesabiwi kuwa maji. Maji ya kunywa ndiyo yanayoingia tumbo kubwa na kulifanya likue. Wekeni maji safi mbele ya ndama kuanzia siku ya nne ya maisha, lita 2 au 3 kwenye ndoo, myabadilishe kila asubuhi. Akianza kula chakula kikavu, kila kilo moja inadai kama lita nne. Chotara wa miezi mitatu anakunywa lita 8 hadi 10, wa miezi minne lita 11 hadi 13.

Birika linalohesabu

Jengeni birika la saruji lenye urefu wa mita 2 na upana wa sentimita 50 kwa ndani, kina sentimita 40. Vipimo hivi vina sababu: kila sentimita moja ya kina ni lita 10 kamili. Chora mistari ya rangi ndani ya ukuta kila baada ya sentimita 5, na birika limekuwa kipimo. Likijaa lina lita 400.

Mfano: mna ndama wanane wa kilo 180 hivi, ni kiangazi, wanakula majani makavu. Mnatarajia lita 25 hadi 30 kwa kila mmoja, yaani lita 200 hadi 240. Jaza saa moja asubuhi, soma mstari kesho yake saa moja. Maji yashuke sentimita 20 hadi 24. Jua hula kama nusu sentimita kwa siku, toeni hiyo. Yakishuka sentimita 12 tu, kuna jambo: maji yananuka, birika liko juani na maji yamechemka, ukingo ni mrefu kwa ndama wadogo, au kuna dume mmoja anayelilinda. Mwenye kumwaga ndoo na kuandika daftarini "nimewapa lita 240" hajui chochote kuhusu walichokunywa.

Ukingo wa birika uwe sentimita 45 hadi 50 kutoka ardhini kwa ndama, 60 kwa maksai wakubwa. Mbele yake pawekwe mawe au zege mita mbili, la sivyo ndama atakanyaga tope hadi magoti na ataacha kwenda. Weka kivuli juu. Asiye na saruji akate pipa la lita 200 kwa urefu, apate mabirika mawili, ayapachike kwenye fremu ya miti ili yasipinduke. Pipa lililobeba dawa za pamba lisiguswe, hata likioshwa mara kumi.

Ruhusuni maji usiku. Huu ndio ushauri mmoja ambao tungeuchagua kama tungeruhusiwa mmoja tu: birika liwe ndani ya zizi, ndama alale nalo.

Kusafisha ni mara mbili kwa wiki: toa maji yote, sugua kwa brashi ngumu, suuza, jaza. Sabuni haihitajiki. Ute wa kijani ukianza kuteleza kwenye vidole umechelewa siku mbili.

Kuhusu kuyatoa maji ziwani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, kwa hiyo zizi, tanki na birika vikae nje ya mpaka huo, na maji yafuate ng'ombe kwa pampu na mpira. Faida nyingine ni kwamba ndama asiyekanyaga majani ya ukingoni hali vimelea vya minyoo bapa ya ini vinavyosambazwa na konokono wa pale. Mdomo wa mpira ukae mbali na kona za ghuba ambako magugu maji hurundikana, ukiwa nusu mita chini ya uso wa maji. Mchana upepo huvuma kutoka ziwani kuja nchi kavu na kusukuma mwani ufukweni. Maji yakionekana kama yamemwagiwa rangi ya kijani, msipampu, wala ndama wasiyanywe. Mwani huo unaweza kuwa na sumu ya ini, na kuyachemsha hakuiondoi.

Hori: pumba zinadai chokaa

Lengo ni kalsiamu kuwa mara mbili ya fosforasi katika chakula chote, na isishuke chini ya moja na nusu kwa moja. Twende kwenye gunia tuone ilivyo.

Pumba za mahindi zina fosforasi takribani gramu 6 kwa kilo, mashudu ya pamba gramu 11, pumba laini za mpunga gramu 15. Kalsiamu katika zote tatu haizidi gramu 2 kwa kilo, na kwenye pumba za mahindi ni nusu gramu tu. Chukua mchanganyiko wa kawaida: pumba za mahindi kilo 55, mashudu kilo 25, pumba laini za mpunga kilo 15. Fosforasi ni gramu 330 na 275 na 225, jumla 830. Kalsiamu ni kama gramu 90. Fosforasi imeishinda kalsiamu mara tisa, kinyume kabisa cha tunachotaka.

Ongeza kilo 3 za chokaa ya mifugo, ambayo ina kalsiamu kama asilimia 37, na kilo 2 za chumvi. Sasa mna kilo 100 kamili zenye kalsiamu karibu gramu 1,200, yaani kama moja na nusu kwa moja. Nyasi za kawaida na kifungu kidogo cha lusina au majani ya viazi vitamu husogeza hesabu karibu na mbili. Ndama wa kilo 200 apewe kilo 2 hadi 3 za mchanganyiko huu kwa siku, zigawanywe asubuhi na jioni. Kumwagia zote mara moja kuna ubaya wake: mlo mkubwa huvuta maji kwenda tumboni, figo zikabana mkojo kwa saa kadhaa.

Chokaa ya mifugo ni unga mweupe usiounguza. Chokaa ya kupaka nyumba ni kitu kingine, itachoma ulimi na koo. Unga wa mifupa na ule unga wa madini wenye kalsiamu na fosforasi pamoja, mfugaji wa pumba asiununue kwa kazi hii; unaongeza fosforasi kule kule ilikozidi.

Changanyeni hivi: chokaa na chumvi zitangulie kuchanganywa na kilo 5 za pumba kwenye beseni hadi rangi iwe moja, ndipo zimwagwe kwenye turubai lenye pumba zilizobaki na kugeuzwa kwa koleo mara nne. Anayemwaga chokaa moja kwa moja juu ya rundo atakuta hori la kwanza lina pumba tupu na la mwisho ni chokaa ambayo ndama ameilamba akaiacha.

Mkinunua pumba za mpunga mashineni, chotea kiganja kimoja, sugua. Zikichoma na kukwaruza, zimechanganywa na maganda. Zitieni kwenye glasi ya maji: maganda huelea, pumba laini huzama. Maganda ya mpunga ni silika tupu, na mnayanunua kwa bei ya chakula.

Chumvi ina kazi moja hapa, kumfanya ndama anywe. Waanzie kilo 1 kwa kila kilo 100 za mchanganyiko wiki ya kwanza, wapande hadi 2 wiki ya pili. Palipowahi kutokea mawe, au kiangazi cha majani ya mpunga, ongezeni kilo moja kila wiki hadi 3, na 4 ndio mwisho. Jiwe la kulamba halitoshi, maana kuna ndama asiyeligusa wiki nzima. Chumvi isitiwe kwenye maji, atayakataa.

Sharti lake ni zito: ukimpa chumvi nyingi, birika lisikauke hata usiku mmoja. Pampu ikiharibika, ondoa mchanganyiko wa chumvi horini siku hiyo hiyo. Ndama aliyekula chumvi bila maji huyumba, huonekana haoni, hutetemeka na kuanguka kwa degedege. Maji yakirudi, apewe kidogo kidogo, lita chache kila nusu saa. Akiyabugia yote kwa mara moja, ubongo huvimba na hufa mbele ya birika lililojaa.

Na magadi? Wengi huwalambisha ng'ombe, nao huyapenda. Lakini magadi ni alkali, yanausukuma mkojo upande ule ule ambako mawe ya fosforasi hugandia. Kwa ndama wa pumba, toeni magadi, wekeni chumvi ya kawaida.

Daktari wa mifugo anaweza kushauri amonia kloraidi ili mkojo uwe wa asidi, takribani gramu 45 kwa siku kwa dume anayenenepeshwa. Ni chungu, hufichwa kwenye molasi. Hiyo ni dawa inayotoka kwa daktari. Mbolea za chumvichumvi za dukani zisijaribiwe kwa sababu tu jina linafanana.

Mashudu ya pamba wasipewe ndama ambao bado hawajazoea kucheua. Sumu iliyomo huwadhuru wadogo.

Kuhasi

Msiharakishe. Dume wa kunenepesha atakayeuzwa kabla ya miaka miwili, kama zizi linamzuia asipande mitamba, hana haja ya kuhasiwa. Anayetayarishwa kuwa maksai wa jembe asubiri angalau miezi sita, ikiwezekana zaidi. Anayehasi kwa burdizo (koleo la kuhasi) kwenye wiki za kwanza kwa kuwa ndama ni mwepesi kumshika amerahisisha kazi ya siku moja, na mrija ukabaki mwembamba.

Kumkamata mapema

Ng'ombe akiamshwa hukojoa. Tumieni tabia hiyo. Asubuhi kabla ya kumwaga chakula, pitieni zizini mkiwainua mmoja mmoja, kisha simameni dakika 20 mkitazama. Anayetoa mkondo mnene, mrefu, yuko salama. Anayetoa matone, anayekatizakatiza, au anayejipanga na kusukuma bila kitu, atiwe alama.

Inama utazame nywele za ncha ya govi. Kwa ndama mzima zimelowa, zimeshikana kwa mkojo. Kwa anayeanza kuugua mtaona chembe nyeupe au za kijivu zimeng'ang'ania nywele kama sukari iliyomwagika. Zisugue kati ya kidole gumba na cha shahada: zinakwaruza. Huyo bado anakojoa, ila mchanga umeanza kushuka. Nywele zikiwa kavu kabisa mchana, ndama akisukuma, njia imeziba.

Weka vidole chini ya mkundu, kwenye mstari wa katikati. Dume aliyeziba, mrija hapo unadundadunda kila anaposukuma. Dalili nyingine ni kusaga meno, kupiga tumbo kwa mguu, kuacha kula, matone yenye damu.

Damu hiyo ndiyo huwachanganya watu na ugonjwa wa kukojoa damu unaoletwa na kupe. Pimeni joto. Wa kupe huwa na homa, nyuzi 40 na kuendelea, fizi zimepauka, na mkojo mwekundu unatoka kwa wingi. Wa jiwe kwa kawaida hana homa mwanzoni, na mkojo ni matone.

Akiziba: saa za kwanza

1. Mtenge kwenye sakafu ya zege iliyokaushwa au mchanga uliolainishwa, ili hata tone moja lionekane. Andika saa mliyomwona akikojoa mara ya mwisho.
2. Piga simu kwa daktari wa mifugo au afisa mifugo wa kata papo hapo, mkitaja neno "mawe". Baadhi ya dawa za kutuliza huongeza mkojo, na daktari akijua mapema atachagua nyingine.
3. Msimnyweshe chochote kwa chupa: mafuta, soda, majivu, mizizi. Dawa za kuongeza mkojo ni hatari kabisa; ni kama kumwaga maji kwenye mpira uliofungwa ncha zote mbili. Ndoo ya maji ibaki mbele yake, akitaka anywe mwenyewe.
4. Msimkande tumbo wala kumkimbiza.

Kibofu hakina subira ndefu. Kwa kawaida ndani ya siku mbili au tatu, ama mrija unatoboka na mkojo kuingia chini ya ngozi ya tumbo, ama kibofu chenyewe kinapasuka. Mrija ukitoboka, tumbo huvimba mbele ya korodani. Bonyeza kwa kidole, shimo linabaki. Kibofu kikipasuka, ndama ghafla anatulia. Haanguki, hasukumi, pengine anacheua kidogo. Mwenye ng'ombe anafurahi kwamba dawa ya mizizi imefanya kazi. Kesho yake tumbo linashuka pande zote mbili kama tunda la pea, ukilisukuma upande huu wimbi linagonga upande wa pili, pumzi inanuka mkojo. Huyo amebakiwa na siku chache.

Kwa hiyo uamuzi hufanywa kabla ya utulivu huo. Kuna njia tatu za kweli. Daktari anaweza kujaribu dawa ya kulegeza misuli ya mrija, na mara chache kijiwe kikasogea. Anaweza kupasua chini ya mkundu na kutengeneza tundu jipya la mkojo. Ndama hatapanda tena, sehemu hiyo itahitaji kuoshwa na kukingwa na nzi, lakini hunenepa miezi mitatu minne kisha akauzwa machinjioni. Au achinjwe mapema, kibofu kikiwa kizima, mbele ya mkaguzi wa nyama, kabla hajachomwa dawa zenye siku za kusubiri. Kwa ndama wa kilo 150 ambaye bei yake haifikii gharama ya upasuaji, tunaona hii ya tatu ndiyo yenye akili. Aliyepasuka kibofu, nyama yake hunuka mkojo na mkaguzi huitupa.

Wenzake waliobaki horini

Mmoja akiziba, wengine wamekula chakula kile kile. Siku hiyo hiyo punguzeni mchanganyiko wa pumba kwa nusu, jazeni pengo kwa majani mabichi, majani ya mpunga yasizidi nusu ya malisho makavu, na wekeni birika la pili upande mwingine wa zizi ili wanyonge wafike. Mchanganyiko urudi taratibu, ukiwa na chokaa na chumvi ilivyoelezwa.

Aliyechinjwa, mwombeni mchinjaji apasue kibofu juu ya sinia nyeupe, na mrija upasuliwe kwa urefu hadi kwenye ile S. Mchanga mwingi unaopondeka kwa ukucha unasema pumba zimezidi. Jiwe moja au mawili magumu, yasiyokubali ukucha, yanasema majani makavu na kiu. Yakausheni, yafungeni kwenye karatasi, mwonyesheni daktari. Kwa wiki tatu zijazo zile dakika 20 za asubuhi zifanyike kila siku, na nywele za govi zikaguliwe kwa kila dume, mmoja mmoja.